Diski Zilizoiponyoka Washington

Novemba 2008 diski moja ilikufa ndani ya seva ya Idara ya Taifa ya Nyaraka na Kumbukumbu ya Marekani. Kwa fundi wa kompyuta hilo si jambo la kuamshwa usiku. Diski ile ilikuwa moja kati ya sita zilizofungwa pamoja kwa mpango uitwao RAID, na mpango huo ulibuniwa mahususi ili diski moja ikifa, zilizobaki zibebe kazi. Diski mbovu ikarudishwa kwa mkandarasi aliyeiuza, aitengeneze. Mkandarasi akaona haitengenezeki, akaipeleka kwa kampuni nyingine inayochakata mabaki ya vifaa vya elektroniki. Hakuna aliyeifuta kwanza. Safu ile ya diski sita ilibeba hifadhidata ya askari wa zamani milioni 76, ikiwa na mamilioni ya namba za hifadhi ya jamii, nyingine za tangu mwaka 1972.

Katika kisa hicho RAID haina la kulaumiwa. Ilitimiza ahadi yake yote, na hatari ikapita mlango mwingine. Watu wanapokaa kuchagua diski za seva ya nakala za akiba hubishana kuhusu RAID 5 na RAID 6, kuhusu kampuni hii na ile, na mabishano hayo yana maana yake. Ila yote yanahusu msiba wa aina moja tu, diski kufa. Washington na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia vimeonja misiba ya kila aina, tena vimeiandika kwa kirefu, maana huo ni mji wa wakaguzi, wanasheria na kamati za Bunge. Mtu yeyote mwenye data ya kutunza ana cha kujifunza humo, hata kama data yenyewe ni picha za harusi na daftari la chama cha kuzikana.

Mashine za kuchakata data zina asili yao Georgetown, mtaa wa kale ulio ndani ya Washington yenyewe. Kwenye barabara ya 31, karibu na mfereji wa Chesapeake na Ohio, mhandisi Herman Hollerith alikuwa na karakana ya mashine zinazosoma kadi zenye matundu. Sensa ya mwaka 1890 ilihesabiwa kwa mashine zake: watu karibu milioni 63, kila mmoja na kadi yake, kila tundu likiwa jibu la swali. Mwaka 1896 Hollerith akaunda kampuni, mwaka 1911 ikaunganishwa na nyingine, na mwaka 1924 muungano huo ukachukua jina la IBM. Tutakutana nayo tena.

Kadi zilitoa takwimu, lakini majina, umri, ndoa na asili ya kila familia vilibaki kwenye madodoso ya karatasi. Hapo ndipo uchungu wa kisa ulipo. Kwa sensa kadhaa zilizotangulia sheria ilitaka nakala ziachwe pia kwenye ofisi za kaunti. Ya 1890 haikutaka hivyo. Madodoso yote yakapelekwa Washington, na kufikia mwaka 1921 yalikuwa yamepangwa kwenye rafu katika ghorofa ya chini ya jengo la Wizara ya Biashara, nje ya chumba cha chuma kilichohifadhi sensa nyingine. Jioni ya tarehe 10 Januari 1921 moto ukazuka humo. Chanzo chake hakijajulikana mpaka leo. Kiasi cha robo ya madodoso ya 1890 kiliteketea, na nusu ya yaliyosalia ikaharibiwa na moshi, moto na maji ya wazimamoto.

Miaka kumi na miwili mabaki yale yalikaa yakisubiri uamuzi. Tarehe 20 Februari 1933 Rais Herbert Hoover aliweka jiwe la msingi la jengo la Nyaraka za Taifa, jengo ambalo moto wa 1921 ulikuwa moja ya hoja za kulijenga. Kesho yake Bunge likaidhinisha kuteketezwa kwa orodha ya karatasi zisizohitajika tena, na ndani ya orodha hiyo mlikuwa na sensa ya 1890. Leo kati ya watu milioni 63 yamebaki majina 6,160 hivi. Kwa mji wa Washington vilinusurika vipande vya mitaa michache: Q, R na S, barabara za 13, 14 na 15, Corcoran, Riggs. Mjukuu wa mtu aliyekaa mtaa wa Q anaweza kumwona babu yake kwenye sensa ile. Wa mtaa wa T hawezi.

Moto mwingine mkubwa ulitokea mbali na Washington, ila karatasi zilikuwa za serikali hiyohiyo. Tarehe 12 Julai 1973 kituo cha kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis kilishika moto, na mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakapotea. Nakala hazikuwepo, wala filamu ndogo. Mpaka leo wazee waliopigana vita hulazimika kuthibitisha utumishi wao kwa hati za mishahara na karatasi za hospitali. Ikumbukwe kwamba seva ya diski sita niliyoanza nayo ilikuwa sehemu ya mfumo ambao askari wa zamani huutumia kuomba nakala za kumbukumbu zao kutoka kituo hichohicho.

Kabla ya hapo, mwaka 1956, IBM ilikuwa imetoa diski kuu ya kwanza ya kibiashara, RAMAC, iliyobuniwa San Jose, California, na kikosi cha Reynold Johnson. Ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa zaidi ya nusu mita kila moja, ilipita uzito wa tani, na ilibeba herufi milioni 5, yaani pungufu ya picha moja ya simu ya siku hizi. Ilipendwa kwa sababu ilimfikisha mtu kwenye rekodi moja bila kupitia zote. Kwa akiba, hata hivyo, ofisi ziliendelea na kanda za sumaku. Kanda ni ya bei nafuu, hubebeka, na ikiondolewa kwenye mashine na kuwekwa kabatini, amri yoyote itakayotolewa kwenye kompyuta haiifikii.

Hilo la mwisho ndilo lililotikisa Ikulu ya Marekani mwaka 1986. Wafanyakazi wa Baraza la Usalama wa Taifa walikuwa wakiandikiana kwa mfumo wa IBM uitwao PROFS, moja ya mifumo ya mwanzo ya barua pepe maofisini. Novemba mwaka huo, habari za silaha kuuzwa Iran kwa siri na fedha kupelekwa kwa waasi wa Nikaragua zilipoanza kuvuja, John Poindexter na Oliver North wa baraza hilo walikaa kwenye mashine zao wakafuta. Walifuta ujumbe zaidi ya 5,000. Mbele yao kioo kilionyesha kwamba haupo tena, na wao wakaamini.

Walichokisahau ni kazi ya kila siku ya mafundi wa mawasiliano wa Ikulu, ambao walinakili mfumo mzima kwenye kanda. Kwa kawaida kanda hizo zilikaa wiki mbili kisha zikaandikwa upya. Safari hii zilishikiliwa zisirudi kwenye mzunguko, na wachunguzi wakazisoma. Tume ya John Tower iliyochunguza kashfa hiyo ilipotoa ripoti yake Februari 1987, ujumbe uliodhaniwa umekufa ulikuwa umechapishwa ndani yake kurasa kwa kurasa. Kanda zile hazikuwa na siasa wala ushujaa wowote. Ziliokoa kumbukumbu kwa sababu mbili kavu kabisa: zilikuwa mahali pengine, na zilikuwa za jana.

Miezi kumi na sita baadaye, Juni 1988, huko Chicago, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa andiko lililoleta jina la RAID. Tatizo lao lilikuwa tofauti kabisa na la Ikulu. Kompyuta kubwa zilitumia diski kubwa za bei mbaya, na sokoni zilikuwa zimeingia diski ndogo za kompyuta za mezani, za bei ndogo. Je, diski ndogo nyingi zingeweza kufanya kazi ya moja kubwa? Kwa kasi, ndiyo. Kwa uhai, wakapiga hesabu: diski moja ikitarajiwa kuishi saa 30,000, kundi la diski 100 litapata kifo cha kwanza baada ya saa 300 hivi, chini ya wiki mbili. Bila kinga, kundi hilo halina faida.

Kinga waliyoipendekeza ilikuwa na viwango vitano. Cha kwanza ni pacha: kila diski ina mwenzake mwenye data ileile, na nusu ya fedha yako inakwenda kwa pacha. Cha pili na cha tatu havikupata soko, tuvipite. Cha nne na cha tano hutumia ujanja wa hesabu. Chukua diski nne. Tatu zina data, ya nne inaandika jumla. Mahali fulani diski ya kwanza ina 7, ya pili 4, ya tatu 9, basi ya nne inaandika 20. Diski ya pili ikifa, toa 7 na 9 kwenye 20, na ile 4 imerudi. Kompyuta hufanya hivyo kwa biti, kwa namna nyepesi zaidi ya kujumlisha, lakini wazo ni hilo. Katika kiwango cha nne jumla zote hukaa kwenye diski moja, nayo huelemewa kwa sababu kila uandishi lazima upitie kwake. Katika kiwango cha tano jumla husambazwa kwenye diski zote kwa zamu. Hiyo ndiyo RAID 5, na kwa karibu miaka ishirini ilikuwa jibu la kila mtu.

RAID 0 haikuwemo kwenye orodha hiyo. Jina lilikuja baadaye kwa mpango wa kugawa data kwenye diski kadhaa kwa ajili ya kasi, na sifuri ndicho kiasi cha kinga inayotoa. RAID 6 ndiyo ya kushika zaidi: huandika hesabu mbili tofauti badala ya moja, ili diski mbili zikifa kwa pamoja data ibaki. Nayo RAID 10 ni pacha nyingi zilizounganishwa kwa ajili ya kasi.

Sasa liweke andiko la Chicago kando ya kisa cha PROFS. Kama mashine ya Ikulu ingekuwa na RAID ya kiwango chochote, amri ya North ya kufuta ingefika kwenye diski zote kwa wakati mmoja, kwa uaminifu kamili, na jumla zingepigwa upya papo hapo kuthibitisha kwamba ujumbe haupo. RAID hulinda hali ya data ilivyo sasa hivi. Haijui jana. Miezi saba baada ya andiko lile, tarehe 19 Januari 1989, siku ya mwisho kamili ya Ronald Reagan madarakani, mwandishi Scott Armstrong na taasisi aliyoianzisha, National Security Archive, walikimbilia mahakamani Washington kuzuia kanda za PROFS zisifutwe serikali ikikabidhiana. Jaji Barrington Parker akatoa zuio jioni hiyohiyo. Kesi ikaendelea miaka mingi, na Januari 1993 Jaji Charles Richey akaamua kwamba barua pepe ni kumbukumbu za serikali na nakala zilizochapwa kwenye karatasi hazitoshi kuchukua nafasi yake. Upande mmoja wa nchi wahandisi walikuwa wakifundisha diski zisife. Upande wa pili wanasheria walikuwa wakipigania jana isifutwe. Kazi mbili tofauti, na kwa muda mrefu wanunuzi wa seva wamedhani ni moja.

Ikulu yenyewe haikujifunza haraka. Chini ya George W. Bush kanda za akiba zilikuwa zikirudishwa kwenye mzunguko na kuandikwa upya hadi Oktoba 2003. Kesi nyingine ikafunguliwa, na Desemba 2009 ikamalizika kwa makubaliano ya kurejesha barua pepe za siku 94, huku barua pepe milioni 22 zilizokuwa zimewekewa lebo vibaya au kupotea njia zikiwa zimepatikana.

Wakati huo diski zilikuwa zimekua kuliko hesabu zilizozilinda. Mwaka 2007 Garth Gibson, yuleyule wa andiko la 1988, pamoja na Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, walichunguza rekodi za diski karibu 100,000 zilizokuwa kazini. Karatasi za watengenezaji ziliahidi wastani wa saa milioni moja au zaidi kabla ya kifo, yaani zaidi ya karne, ambayo ni sawa na diski pungufu ya moja kwa kila mia kufa kwa mwaka. Maofisini zilikuwa zikibadilishwa mbili hadi nne kwa mia, na katika mifumo fulani mpaka 13. Mnunuzi anayesoma saa milioni moja kwenye boksi aisome kama anavyosoma tangazo lolote.

Tatizo la pili ni la kusoma. Diski ya kawaida hudhaminiwa kukosea kusoma biti moja katika kila biti trilioni 100. Ni nyingi mno, mpaka uone RAID 5 ya diski nne za terabaiti 4 ikipoteza moja. Ili kuijenga upya, seva lazima isome tatu zilizobaki kuanzia mwanzo hadi mwisho: terabaiti 12, biti karibu trilioni 96. Kwa hesabu ya karatasini, unaingia kazini ukitarajia kosa moja, wakati huna tena hesabu ya kulisahihisha. Diski nyingi hufanya vizuri kuliko dhamana yake, nami sisemi RAID 5 imekufa kama wapenda kelele wanavyosema. Nasema tu kwamba kujenga upya huchukua saa nyingi, pengine siku, kwa diski zilizonunuliwa siku moja, dukani kumoja, zenye umri mmoja na mara nyingi maradhi yaleyale. RAID 6 ni kinga ya saa hizo.

Kuna pia kisa cha mwaka 2020. Wanunuzi wa diski za Western Digital Red, zilizouzwa kwa ajili ya seva ndogo za nyumbani na ofisini, waligundua kwamba baadhi ya zile za terabaiti 2 hadi 6 ziliandika kwa njia za data zinazolaliana kama vigae vya paa, bila boksi kusema. Mtindo huo huokoa nafasi, lakini kuandika njia moja hulazimu kuandika upya jirani zake, na kwenye ujenzi mpya wa RAID diski inaweza kwenda polepole mpaka seva ikadhani nayo imekufa. Aprili mwaka huo kampuni ikachapisha orodha ya diski zenye mtindo huo. Tangu hapo anayejua huitafuta karatasi ya vipimo kabla ya kutoa fedha.

Turudi Washington, kwenye diski zilizoponyoka. Ya kwanza iliibiwa Mei 2006. Mfanyakazi wa Wizara ya Askari wa Zamani alikuwa akipeleka data nyumbani kwake Aspen Hill, Maryland, kitongoji cha nyumba za kawaida kaskazini mwa mji, ili afanye kazi jioni. Tarehe 3 Mei wezi wakavunja, wakaondoka na kompyuta mpakato na diski ya nje. Ndani yake: majina na namba za hifadhi ya jamii za watu milioni 26.5. Waziri Jim Nicholson aliarifiwa karibu wiki mbili baadaye, umma tarehe 22. Zawadi ya dola 50,000 ikatangazwa, na mwishoni mwa Juni vifaa vikapatikana. FBI ikasema data haikuguswa. Hata hivyo wizara ikaishia kukubali kulipa dola milioni 20 kumaliza kesi. Tarehe 23 Juni 2006 ofisi ya bajeti ya Ikulu ilikuwa tayari imetoa waraka kutaka data nyeti kwenye vifaa vya kubebeka isimbwe kwa siri.

Vifaa vya kubebeka. Ndiyo maana diski ya Novemba 2008 ilipita katikati ya waraka ule bila kuugusa: ilikuwa ndani ya seva, na seva haibebeki. Ilibebeka siku ilipokufa. Maafisa wa Idara walisema hapakuwa na uvujaji, kwani wakandarasi wana wajibu wa kisheria wa kutunza siri. Mkaguzi Mkuu wa Idara, Paul Brachfeld, alianza uchunguzi, na Oktoba 2009 habari ikafika magazetini. Wapo waliojitetea kwamba diski moja ya RAID ni kipande tu kisichosomeka bila wenzake. Si kweli sana. RAID hugawa data kwa vipande ambavyo mara nyingi ni vya kilobaiti 64. Rekodi ya mtu mmoja, yenye jina, tarehe ya kuzaliwa na namba, huingia kwenye herufi 200, kwa hiyo kipande kimoja kina watu zaidi ya 300, wazima kabisa, mstari baada ya mstari. Aliye na diski moja ya sita hana hifadhidata, lakini ana watu.

Diski ya tatu ni ya idara hiyohiyo, jengo lake kubwa la College Park, Maryland. Idara ilikuwa ikihamisha kanda za akiba za Ikulu ya Bill Clinton kwenda kwenye diski, kazi nzuri kabisa, kwa sababu kanda huzeeka. Kanda 113 zilinakiliwa kwenye diski ya nje ya Western Digital My Book ya terabaiti 2, kifaa unachokikuta kwenye duka lolote la vifaa vya ofisi. Kati ya Oktoba 2008 na Machi 2009 kikatoweka, na hakuna anayejua siku gani, maana kiliwekwa mahali ambapo watu wengi hupita na hakuna aliyekiandika kutoka wala kuingia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Zawadi ya dola 50,000 ikatangazwa tena. Kanda zenyewe zilikuwepo, kwa hiyo hakuna kumbukumbu iliyopotea. Kilichopotea ni siri za watu, pamoja na namba ya hifadhi ya jamii ya binti mmoja wa Al Gore, makamu wa Clinton. Nakala inayomwokoa mwenye data ni mlango mwingine kwa anayeitaka.

Msomaji wa Kiswahili asidhani haya ni ya Wamarekani peke yao. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966 inayokusanya magazeti, majarida na vitabu vya Afrika Mashariki na nchi jirani na kuyapeleka Washington. Yapo matoleo ya magazeti yetu ambayo ni rahisi kuyapata kule kuliko katika mji yalikochapishwa, na kwa hiyo usalama wa rafu na diski za mji ule ni usalama wetu pia.

Mbali na diski hizo tatu kuna Martinsburg, mji wa West Virginia ambako Mamlaka ya Mapato ya Marekani huendesha kituo cha kompyuta. Juni 2011 diski ya kompyuta ya Lois Lerner, ofisa wa mamlaka hiyo makao makuu Washington, ilikufa. Isingekuwa habari, ila barua pepe za wafanyakazi zilikuwa na nafasi ya megabaiti 150 tu kwenye seva, kama barua 1,800, na aliyejaza alihamishia za zamani kwenye diski yake mwenyewe. Seva ilikuwa na akiba, diski ya mezani haikuwa nayo. Kanda za akiba za seva nazo zilishikiliwa miezi sita tu kisha zikatumika upya. Mafundi wakahangaika na diski ile, wakashindwa, ikateketezwa pamoja na mabaki mengine.

Bunge lilipoanza kuzitaka barua hizo mwaka 2013, amri ikatoka kwamba kanda yoyote isifutwe. Tarehe 4 Machi 2014 wafanyakazi wa zamu ya usiku Martinsburg wakapitisha kanda 422 kwenye mashine ya sumaku ya kufutia. Mkaguzi wa serikali alihoji, akachunguza, na mwaka 2015 akaripoti kwamba barua kama 24,000 zinaweza kuwa zilipotea humo. Hakuona njama. Amri ya Washington ilikuwa haijafika vizuri kwa watu walioshika kanda.

Kwa hiyo anayeketi leo Silver Spring au Sinza kupanga seva ya akiba aanze na diski, lakini asizipe mchana kutwa. Seva ya akiba huandika mafungu makubwa usiku na husomwa kwa nadra, hivyo kasi ya RAID 10 ni fedha inayopotea bure. Kwa diski mbili, fanya pacha. Kwa diski sita za terabaiti 4, RAID 5 itakupa terabaiti 20, RAID 6 itakupa 16, RAID 10 itakupa 12, chukua 16. Nunua zilizotengenezwa kwa ajili ya seva, zisizo na njia zinazolaliana, na kama muuzaji anaweza, kutoka mafungu tofauti. Panga seva izisome zote mwanzo hadi mwisho kila mwezi, ili kosa lijitokeze wakati diski ya kulisahihisha ingali hai.

Mchana uliobaki upe mambo matatu. Nakala za jana, za wiki iliyopita na za mwezi uliopita, ambazo mtumiaji wa seva kuu hana ruhusa ya kuzifuta. Nakala moja nje ya jengo, na ikiwezekana nje ya mkondo huohuo wa umeme: usiku wa tarehe 29 Juni 2012 dhoruba ya upepo ilipopiga Washington, jenereta za akiba za kampuni ya simu ziligoma huko Virginia na huduma ya dharura ya 911 ikazimika kwa watu wengi wa Fairfax, wakati kituo kimoja cha Amazon katika jimbo hilohilo kilipoteza umeme na kuangusha Netflix na Instagram. Diski zilikuwa nzima. La tatu ni usimbaji wa diski zote kabla ya kuweka faili la kwanza, huku ufunguo ukitunzwa nje ya seva hiyo. Kuusimba mfumo uliokwisha kujaa ni kazi ya siku kadhaa, na watu huiahirisha.

Na ukisaini mkataba wa matengenezo, soma kifungu cha diski zilizokufa. Kwa kawaida muuzaji hutaka umrudishie mbovu ndipo akupe nyingine. Wauzaji wakubwa wa seva huuza pia nyongeza inayomruhusu mteja kubaki nayo, akaitoboe au kuisaga mwenyewe. Huongeza bei ya mkataba, nayo ni miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa bajeti ikibana.